Mwalimu Sinema na Mtoto Aliyeitwa Mzito

Saa moja asubuhi, kengele haijalia, mwalimu wa darasa la tatu anapanda juu ya dawati na kutundika shuka jeupe ukutani. Anashuka polepole, mkono kiunoni, kama mtu aliyetoka kulima.

"Goti hili lina mdomo," anasema akilisugua. "Nikipanda tu, linanisengenya."

Mezani kuna kompyuta yake ndogo na projekta ya shule inayokoroma kama paka mwenye mafua. Watoto wanaingia wakisukumana. Ni zaidi ya tisini, wamebanana watatu watatu kwenye madawati ya watu wawili.

Walimu wenzake wanamwita Mwalimu Sinema, na si kwa kumsifu. Alianza kufundisha kwa picha baada ya sauti kumkauka. Daktari alimwambia aipumzishe.

"Niipumzishe wapi, na watoto tisini?" anauliza, akicheka kwa kukohoa. "Nikaona bora ukuta unisemee."

Leo ukutani kuna picha ya kijiko, na chini yake silabi zilizochanganywa. Kila safu inatafuta mpangilio. Darasa linalipuka: "Ki! Anza na ki!"

Kelele hizo zimemponza. Mwalimu mkuu amemwita ofisini mara kadhaa, akimwambia anabaki nyuma ya mtaala na darasa limegeuka soko. Wengine husema ni uvivu.

"Mvivu angeshika chaki," anajibu. "Somo moja la picha linanilia jioni nzima. Mume wangu anasema ameoa kompyuta."

Siku moja muhula uliopita, nusura aache. Alikuwa ameonyesha neno kwa herufi kubwa kama sinia, na hakuna aliyejibu. Ndipo binti wa dawati la nyuma, aliyerudia darasa na ambaye hata wenzake walimwita mzito, akasimama na kulisoma.

"Nilidhani kanong'onezwa. Nikaleta neno jingine. Akasoma. Nikaleta sentensi, akasoma hadi nukta."

Mwalimu aliandika sentensi ileile ubaoni kwa chaki, kwa ukubwa wa kawaida. Binti akakunja macho, akashindwa hata neno la kwanza.

"Hapo nikaelewa. Mtoto hakuwa mzito. Alikuwa haoni."

Alimwita mama wa binti, mfua nguo wa mtaa wa jirani. Mama alisikiliza, kisha akajifunika uso kwa ncha ya khanga.

"Mwalimu, sisi tulisema anaringa," alisema. "Anapishana na shangazi yake njiani, hasalimii. Nimemchapa kwa hilo."

Sasa binti huyo ana miwani, na anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye sabuni. Mama yake anasema amekuwa kero: anamsalimia kila mpita njia.

Mwalimu mkuu hakuomba radhi. Bado analalamikia kelele, ila siku hizi husimama mlangoni kidogo kabla ya kulalamika.

Katikati ya mchezo, projekta inatoa mlio na kuzimika. Watoto wanaguna kwa pamoja. Mwalimu anaipiga kofi, anasubiri, anaipiga tena. Hakuna kitu. Anafumba macho kidogo, kisha anavuta kutoka chini ya meza mfuko wa vipande vya mbao vyenye silabi, alivyokatiwa na mumewe, seremala.

"Haya, wanangu. Sinema imekwisha. Tucheze kwa mikono."

Wakati watoto wakigombea vipande, anaeleza anachotaka kabla shule hazijafungwa. Mumewe atamchorea kwenye ubao herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari, na kila mtoto wa shule atazisoma akiwa kwenye dawati la mwisho. Mwalimu mkuu amekubali, kwa sharti kwamba wafanye kimyakimya.

"Nimechoka, sikufichi. Nikistaafu nitalala mwaka mzima," anasema. "Lakini lile dawati la nyuma limejaa. Siwezi kulala kabla sijajua nani pale haoni."