Nyuma ya Mabati ya Kivuva

Kivuva alikuwa mkereza mbao hodari, na hilo hata waliomchukia pale Makadara walilikubali. Mikono yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mdomo.

Alipoacha kazi kiwandani alinunua kerezo kuukuu, ile mashine inayozungusha mti huku fundi akiuchonga, akalisimika kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Hakuuliza linatumia stima gani. Alipoliwasha lilinguruma tu pale pale, bila kuzunguka. Okoth, fundi wa stima, ndiye aliyemfungua macho: hilo ni kerezo la fezi tatu, linataka stima ya viwandani, na nyumba yake ina fezi moja kama nyumba ya jirani yeyote. Lakini Okoth alijua ujanja. Alileta mota nyingine kubwa, akaifunga sakafuni upande wa pili wa ukuta wa mabati ili makelele yapungue. Mota hiyo ukiizungusha kwanza kwa kamba, kama mtu anayewasha jenereta, kisha ukaipa stima, inashika mwendo na kulipatia kerezo kile linachokosa.

Kamba ile ilitaka nguvu, na bega la kulia la Kivuva lilikuwa limeteguka miaka mingi iliyopita, halikupona sawasawa. Kwa hiyo mvutaji akawa mkewe, Nthoki, mwanamke aliyekulia kwenye kubeba maji Kitui na mikono yake haijasahau. Tena kazi haikuwa ya kuvuta mara moja na kwenda zake. Kivuva akikereza mti mgumu, mota ilizidiwa, swichi ikaruka, na kamba ikavutwa upya. Kazi ikiendelea, Nthoki hakubanduka hapo.

Mwanamume mwingine angejisifu kuwa na mke kama huyo. Kivuva aliona haya. Patrobas, mwenye duka la fanicha Majengo, alipokuja kutafuta mkereza, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, uko na stima ya viwanda? Nimechoka na mafundi wa kuungaunga."

"Niliwekewa zamani," Kivuva akajibu, bila hata kupepesa jicho.

Uongo nao ukishazaliwa hutaka kulishwa. Wakakubaliana, au tuseme Kivuva alikubaliana na nafsi yake, kwamba wageni wakija Nthoki asionekane. Akisikia mumewe amekohoa, avute. Wageni wakaja, wakakaa, wakaondoka, wengi wao watu wa kanisa lao. Hakuna aliyesalimiwa na mama wa nyumba. Hakuna aliyepewa hata chai ya rangi. Na ninyi mnajua maneno ya mtaa, hayahitaji mafuta kutembea. Mke wa Kivuva ana maringo. Mke wa Kivuva anajifungia ndani akiona watu.

Asubuhi moja Lenah, au Mama Opicho kama wengi walivyomwita, mama aliyewaongoza akina mama wa kanisa na sasa alikuwa anang'atuka, aliingia kibandani. Patrobas alikuwa ameketi kwenye kigoda akisubiri miguu ya meza zake.

"Baba Mumo, nimekuja na neno," Lenah alisema. "Tulitaka Mama Mumo achukue nafasi yangu. Amelitumikia kanisa vizuri na yeye mwenyewe anajua tunamtaka. Lakini watu wanasema hapokei wageni. Nikasema siwezi kuamini ya barabarani, nitamuuliza mwenye nyumba. Ni ukweli?"

Kivuva alimtazama Lenah, kisha akamtazama Patrobas. Jibu la kweli lilikuwa fupi, lakini lisingesemeka mbele ya Patrobas bila kuitaja kamba.

"Mama Opicho," akasema, "ndivyo alivyo. Hapendi watu."

Lenah alishusha pumzi, akaaga, akaenda. Mota ilikuwa imezima wakati huo, na bati si ukuta wa mawe. Kivuva alisimama na kisu mkononi. Halafu akakohoa. Na Nthoki akavuta.

Jumapili iliyofuata akina mama walimchagua mwenzao mwingine, Muhonja, ashike nafasi ya Lenah. Nthoki alipiga makofi pamoja na wengine, akarudi nyumbani akapika. Kivuva alijikaza kuamini kwamba mkewe hakusikia yale aliyomwambia Lenah. Alikula akitazama sahani.

Siku ya tatu Patrobas akarudi na kazi nyingine. Kivuva akafunga mti kwenye kerezo, akakohoa. Kimya. Akakohoa tena, kwa nguvu, mpaka Patrobas akamuuliza kama ana homa. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, Nthoki akatoka na trei: birika, vikombe, mkate uliopakwa siagi. Alikuwa amevaa leso safi, lakini weusi wa grisi ulikuwa umeingia kwenye mistari ya viganja vyake, na sabuni haikuuweza.

"Karibu, baba. Pole kwa kungoja," alimwambia Patrobas, akammiminia.

Patrobas akapokea, akashukuru, akageukia kerezo lililonyamaza. "Mzee, kwani kuna nini?"

"Stima imepotea," Kivuva akasema.

Balbu ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Patrobas aliitazama, kisha kwa adabu akatazama ndani ya kikombe. Nthoki hakumtazama mtu. Hapo ndipo Kivuva alipojiona alivyo. Mzee mzima, mwenye mvi, anadanganya chini ya taa.

Akaweka kisu chini. "Stima ipo," akasema. "Ya fezi tatu ndiyo haipo, na haijawahi kuwepo. Huyu mama ndiye anavuta kamba huko nyuma. Tangu ulipoanza kuja."

Patrobas alizunguka ukuta, akaiona mota, akaiona kamba iliyolainika kwa mikono. Alirudi akicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Kamba nilishaichungulia kitambo, mzee. Mimi nilidhani umeandika kijana. Kumbe ni mama? Na sisi tunakaa hapa tukisema mama hatusalimii." Akamgeukia Nthoki. "Mama, nisamehe. Na kazi yenu iendelee, miguu ni mizuri."

Kwa hiyo kazi haikupotea, na uongo wote ule ulikuwa wa bure. Alipoondoka, Kivuva alivuta pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Alianza hata kutabasamu.

"Nimemwambia," alisema. "Nimemwambia yote."

"Umemwambia ya kamba," Nthoki alisema, akikusanya vikombe. "Na yale uliyomwambia Mama Opicho?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na wala hawakukosea. Kivuva alichukua kofia yake akatoka, akapita mistari miwili ya nyumba akitembea kama mdaiwa, akabisha kwa Lenah.

Alisema yote akiwa mlangoni, hata kuingia alikataa. Alieleza kuhusu mota, kikohozi, na Nthoki upande wa pili wa bati. "Mama Opicho, nilimsingizia mke wangu. Anapenda watu kuliko mimi."

Lenah alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ameifunga kifuani.

"Baba Mumo," akasema, "watu walikuwa wameanza kusema zamani, na mimi nilikuwa nawakatalia. Niliacha siku niliyosikia kwako. Nilisema, huyu si ndiye mume wake."