Mtoto Asiye na Mtakatifu Wake

Msumari bado upo ukutani. Nimeuona mwezi huu wa saba nilipopita Likasi na binti yangu, nikaomba ruhusa kwa watu wanaokaa sasa katika nyumba ya bibi. Ni watu wema. Walitupa viti vya plastiki na maji ya kunywa, wakatuuliza habari za barabara. Siku hizi wanautundikia msumari ule waya wa kuchajia simu, na kwa jinsi nilivyokodoa macho, nadhani mwenye nyumba alidhani naitamani simu yake. Ningemweleza nini? Hebu nikueleze wewe, maana wewe una subira na mimi.

Pale ilitundikwa kalenda ya parokia. Mbele ya kila tarehe palikuwa na jina la mtakatifu, kwa herufi ndogo sana, na kwetu wajukuu kalenda ile haikuwa ya kujua leo ni siku gani. Ilikuwa ya kujua zamu ya nani inakaribia. Kwa bibi hakuna aliyeshughulika na siku uliyozaliwa. "Siku ya kuzaliwa weye ulilia tu," alikuwa akisema, "kazi yote ilikuwa ya mama yako." Siku yenye maana ilikuwa ya jina, ya mtakatifu uliyebatizwa kwa jina lake. Tuliiita feti, na feti ya bibi haikuwa mchezo.

Mtoto wa siku aliamshwa wa kwanza na kuogeshwa kwa maji ya moto, hata kama tarehe yake iliangukia kwenye joto kali. Alipakwa mafuta mpaka magoti yakang'aa. Kisha bibi alimfunga mabegani kikwembe chake cha misa, kilichonukia sabuni na kafuri, akamkalisha kwenye kiti cha babu. Babu alikufa kabla sijazaliwa, akaacha kiti kizito cha mbao chenye mikono, na siku nyingine zote aliyekigusa alijua kitakachompata. Mtoto wa siku hakutumwa maji, hakusugua sufuria, hakupigwa hata akifanya nini, mpaka jua lizame. Na firigisi ya kuku ilikuwa yake. Jambo hilo lilimkera sana jirani yetu, mzee mmoja aliyependa utaratibu, kwa sababu kila mtu anajua firigisi ni ya baba wa nyumba. Alisema bibi anaharibu watoto. Bibi alimjibu kwamba baba wa nyumba hii yuko kaburini na huko hawali kuku.

Kabla ya kula kulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Tulikizunguka kiti, na kila mmoja alisema jambo moja zuri la mtoto wa siku, jambo la kweli, aliloliona kwa macho yake. Ukisema tu "ana roho nzuri," bibi alikurudisha nyuma ukafikiri tena huku harufu ya kuku ikikutesa. Binamu yangu mkubwa, mvivu wa kufikiri, aliwahi kusema juu ya mdogo wake, "Huyu hakoromi," na bibi akakubali, kwa sababu ilikuwa kweli na walilala kitanda kimoja. Utacheka, lakini niliwaona watoto wagumu, wasioshindwa na fimbo, wakiinamisha uso kwenye kiti kile na kufuta machozi na kikwembe.

Halafu zilikuja habari za mtakatifu mwenyewe, kama bibi alivyozijua. Petro alivua samaki hapo jirani, Kapolowe, na aliuza ghali. Martini alipasua kikwembe chake kwa ajili ya maskini, na mama yake alimgombeza. Barbara, mama wa wachimbaji, alijua jina la kila mwanaume aliyeshuka shimoni, kwa hiyo siku yake tuliwaombea wajomba kwa majina, mmoja mmoja, na atakayesahau mmoja asipate supu. Sijui hizo habari alizitoa wapi. Mpaka leo nikisikia zile za kweli kanisani naziona zimepungukiwa kitu.

Mimi nilifika katika nyumba hiyo nikiwa wa umri wa kuanza shule, kutoka Kakanda, ambako baba alichimba na mama aliuza vitumbua kwa wachimbaji. Vumbi la kule lilinikohoza mpaka nikakonda, ndiyo maana nikaletwa Likasi. Jina langu ni Plamedi. Ni kifupi cha maneno ya Kifaransa, mpango wa ajabu wa Mungu, na mama alinipa jina hilo katika kanisa la maombi, alikohamia baada ya kuzika watoto wawili wachanga. Kanisa la bibi lilimpa pole, lile la maombi lilikesha naye, na mimi nikazaliwa nikaishi. Basi siku ya kuniacha mama alisimama mlangoni hata kabla ya kutua mzigo.

"Mama, huyu mutoto ni wa Mungu peke," alimwambia bibi. "Usimupatie mutakatifu. Hata mumoja."

"Sitamupatia," bibi akasema. "Ingia, ukule."

Mwanzoni sikuelewa nilichopoteza. Nilielewa feti ya kwanza ilipopita, na ya pili, na mimi daima niko kwenye duara, natoa maneno yangu mazuri, natazama kiti. Nilianza kuitafuta siku yangu kwenye kalenda, kidole mstari kwa mstari, nimepanda juu ya bidoni ya maji. Hakuna mtakatifu Plamedi. Binamu yangu mkubwa, kwa huruma yake, alinionyesha mmoja aitwaye Placide, akasema ni kama nusu yangu. Bibi alikataa. "Ule alikuwa mumonaki wa kunyamaza," alisema. "Huyu anasema kutoka asubui." Mama mdogo, aliyekaa na bibi, akapendekeza nipewe Siku ya Watakatifu Wote, mwezi wa kumi na moja. Nililia zaidi.

"Ile ni ya bote!" nilisema. "Mi nataka yangu."

Unaweza kuona ni upuuzi wa mtoto kutaka firigisi. Haikuwa firigisi. Nilikuwa mbali na mama yangu, sauti yangu ya Kakanda ilichekwa shuleni, na nilikuwa nimeshaamua kwamba mtu asiye na siku ni mgeni katika nyumba. Nilitaka wanizunguke mimi, waseme.

Ilikuwa alasiri ya msimu wa baridi, wakati nyasi za milimani zinachomwa na moshi unashuka mjini. Bibi alikuwa anabangua karanga, mama mdogo anatwanga sombe, majani ya muhogo. Bila kuniita, bibi alinyanyuka, akapangusa mikono, akaenda kwenye kalenda.

"Nilimuambia mama yako hapana mutakatifu, na nikisema nimesema," alisema. "Mutakatifu sikupi. Nakupa siku."

Akaweka kidole kwenye tarehe moja ya mwisho mwisho wa mwezi wa saba.

"Hii. Niko nayo tu, hakuna mwenye anaitumikisha."

Mama mdogo aliacha kutwanga, akafungua mdomo. Bibi alimtazama. Mama mdogo akaufunga, akaendelea na sombe yake, kwa nguvu kuliko mwanzo. Binamu alipanda bidoni akasoma kwa sauti: Anna na Yoakimu.

"Bale ni banani, Kambo?" aliuliza, maana Kambo ndivyo tulivyomwita bibi.

"Bakambo ba Yesu," bibi alisema, yaani bibi yake na babu yake. "Bazee. Hawana mambo na muntu."

Asubuhi ya siku yangu bibi alitoka kwenda misa ya alfajiri, akarudi pua imekuwa baridi kama ya mbuzi, akawasha mbabula, jiko letu la makaa, akachemsha maji. Aliniogesha mwenyewe. Aliona mbavu zangu zimepata nyama akazipigapiga. Nikafungwa kikwembe, nikakaa kwenye kiti cha babu, na miguu haikufika chini. Kuku alikuwa jikoni, bukari, ugali wetu, inasongwa, kibuyu cha kinywaji cha munkoyo kimefunikwa kivulini. Duara lilikuwa linajipanga nilipomwona mama yangu mlangoni, mwekundu wa vumbi la lori mpaka kwenye nyusi, ana mfuko wa vitumbua mkononi. Alikuja kunisalimia. Hakuna aliyemtazamia.

Alinitazama nilivyokaa. Alitazama kikwembe. Desturi hiyo alikulia ndani yake, hakuhitaji kuelezwa.

"Mama," alisema polepole, "tulipatana nini?"

Nilishika mikono ya kiti. Nilijua atanishusha. Nilijua pia, kama watoto wanavyojua mambo, kwamba akinishusha leo ataondoka na mimi kurudi kwenye vumbi, na yeye na bibi hawatasemezana tena.

"Sikumupa mutakatifu," bibi alijibu, macho kwenye chungu. "Muulize. Siku tu."

Mama aliweka mfuko chini, akaenda kwenye kalenda. Aliitafuta tarehe, akaweka kidole, akasoma. Alibaki na kidole pale muda mrefu kuliko jina lilivyohitaji. Aligeuka akamtazama bibi, na bibi, ambaye hakuwahi kumkwepa mtu kwa macho, akaanza kukoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa. Mama mdogo alipenga kamasi. Sisi watoto tulitazamana tu.

Mama aligeuza ndoo, akaikalia, akaingia kwenye duara.

Nakumbuka kila neno nililopewa. Binamu mdogo alisema ninamwachia upande wa ukuta wakati wa baridi. Binamu mkubwa alisema ninaogopa vyura lakini naenda kisimani hivyo hivyo. Mama mdogo alisema naimba nikifagia. Zamu ya mama ilipofika alifuta vumbi kwenye nyusi, nami nikaogopa kwamba hana kitu. Kisha akasema, si kwangu, kwa bibi:

"Huyu njo mwenye alibakia."

Bibi alisema moshi wa makaa ni mbaya, akafuta macho. Makaa yalikuwa mekundu safi, hayakutoa moshi wowote. Tulikula, baada ya mama kutuombea sala ya kanisa lake, ndefu, macho yamefumbwa, mpaka mafuta ya supu yakaganda. Bibi alivumilia, akajibu amina kubwa kuliko yetu wote. Mama alilala kwetu, na asubuhi aliondoka bila mimi.

Miaka yote niliyokaa pale, siku ile ilikuwa yangu. Kila mwaka bibi alitoka alfajiri kwenda misa, akarudi, akawasha moto, akachinja, akanyonyoa, akasonga, akaosha vyombo vyote kwa sababu mimi sikuruhusiwa kugusa. Niliwahi kumuuliza yake ni lini. "Bantu bakubwa hawana siku," alisema, "bako na kazi." Ilinitosha. Kwetu sisi alikuwa Kambo, mtaani alikuwa Mama Yosefu kwa jina la mjomba wa kwanza, na sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na jina jingine chini ya hayo.

Nililisikia kaburini, siku tuliyomzika. Nilikuwa nimeshaolewa Lubumbashi, na mimba ya binti yangu ilikuwa imeanza kuonekana. Katekista alifungua kitabu cha sala, akasema tumwombee dada yetu Anna. Nilidhani amekosea maiti. Nikatazama msalaba, na kweli, rangi ikiwa bado mbichi, iliandikwa Anna. Nilimgeukia mama yangu. Alikuwa ananitazama tayari.

"Weye ulijua?" nilimuuliza.

"Toka ile siku ya ndoo."

"Na haukuniambia!"

"Alinikataza na ule mwiko," mama alisema. "Uliona vile alikoroga ile supu."

Nililia siku ile kilio ambacho watu walidhani ni cha msiba tu. Kilikuwa pia cha kuku wote wale. Kilikuwa cha mwanamke anayeosha sufuria siku ya jina lake, na duara zima limempa mgongo, linamsifu mtoto wa Kakanda. Hakuna aliyewahi kumwambia jambo moja zuri aliloliona kwa macho.

Nyumba iliuzwa. Kiti sijui kiliishia wapi, na jirani mpenda utaratibu naye ameshakwenda alikokwenda babu. Wajukuu tumetawanyika, tunatumiana salamu kwa simu, na simu haina watakatifu mbele ya tarehe. Nimepunguza desturi nyingi, nakiri, kuku wenyewe wa siku hizi hawana ladha ya kungojewa. Lakini ile ya mwezi wa saba sijaiacha. Sikai mimi tena. Tunaweka kiti kitupu, tunakitandikia kikwembe cha misa, ambacho mama mdogo alinitunzia, na firigisi tunaiweka kwenye sahani mbele yake. Mama yangu huja na kanisa lake la maombi na sala yake ndefu, akakaa kwenye ndoo, hata nimpe kiti cha aina gani.

Mwaka huu tulifanya hivyo tuliporudi kutoka Likasi. Tukasema kila mmoja lake. Zamu ya binti yangu ilipofika nilitaka kumruka, kwa sababu ni mdogo na hajawahi kumwona bibi hata kwa picha, na sheria ni kusema ulichokiona kwa macho. Akanizuia kwa mkono. Alikitazama kiti, akamtazama mama yangu, akanitazama mimi kwa muda.

"Alimupenda mama yangu," alisema. "Inaonekana."