Siku Ukoo Mzima Uliponisikia Nikiwa Jikoni

Naona aibu kuusimulia mkasa huu, na aibu yenyewe si ndogo, maana watu kumi na tisa wa ukoo wangu walinisikia nikiwasema, kwanza jikoni halafu chooni, lakini nausimulia mwenyewe kwa sababu ule unaosimuliwa na wengine umetiwa chumvi mno. Wanasema eti niliimba chooni. Sikuimba. Niliongea tu, na hayo niliyoongea nitayarudia hapa bila kupunguza.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Bigwa, na nyumba yangu aliijenga marehemu mume wangu kidogo kidogo, kila akipata matofali anaongeza chumba kwa nyuma, mpaka ikawa ndefu kama behewa (majirani wanasema hivyo, mimi nasema ni nyumba yenye nafasi). Sasa nyumba ya namna hiyo mtandao unapata tabu. Sebuleni waifai ilikuwa inashika vizuri, ila ukiingia koridoni tu inakata, na ukifika chumba cha mwisho alikokuwa anakaa Mama, au jiko la nje, simu inageuka kuwa kioo cha kujitazamia. Tulishazoea. Kwa miaka mingi nikitaka kumaliza mazungumzo na mtu asiyejua kuaga, nilikuwa nainuka kimya kimya naenda koridoni, basi mtandao unamuaga kwa niaba yangu.

Mama yangu ni wa Kinole, huko juu milimani, na alikuwa anaishi kwenye nyumba yake na migomba yake na mdalasini wake mpaka msimu mmoja wa mvua alipoteleza akavunjika nyonga, ndipo nikamchukua nikakaa naye. Nyonga ilipopona, kaka yetu mkubwa, Kaka Deo, ambaye ni mtu wa ofisini Dodoma, akaanza kusema Mama hawezi kurudi kukaa peke yake mlimani, aje Dodoma kwake, na jambo hilo lipitishwe kwenye kikao cha ukoo, kwa njia ya video, ili kila mtu awepo. Nikamwambia sawa, kikao kifanyike kwangu. Akasema atanitafutia fundi wa mtandao kutoka mjini aje aweke mambo sawa kabla ya siku yenyewe, maana, alisema, haya si mambo ya kushona vifungo.

Nilivaa viatu nikaenda dukani.

Nilirudi na boksi lenye ruta tatu ndogo nyeupe, za bei nafuu, za kampuni ambayo sikuwahi kuisikia na sijaisikia tena. Muuzaji aliniambia zinaitwa meshi, na akanieleza vizuri: ya kwanza unaichomeka kwa waya kwenye kile kiboksi cha intaneti kilichopo sebuleni, ya pili na ya tatu unaziweka mbele zaidi, zinapokezana mtandao kama watu wanaopeana ndoo za maji kutoka kisimani, jina moja, nywila moja, na wewe ukitembea na simu yako inahama yenyewe kutoka ruta hii kwenda ile bila kukatika. Nilikosea mara mbili. Ya pili niliifungia kwenye kabati la vyombo, katikati ya masufuria ya wageni, ili isipate vumbi, ikaniwakia taa nyekundu mchana kutwa, mpaka binti yangu Neema, anayesoma chuo hapa hapa mjini, akaniambia, Mama, chuma kinazuia mawimbi, umeifunga jela. Tukaitoa tukaiweka juu ya kabati la koridoni. Ya tatu ikakaa dirishani chumbani kwa Mama, ikitazama jikoni. Taa zote zikawa kijani. Nilimpigia Kaka Deo kwa video nikiwa nimesimama kwenye migomba nyuma ya nyumba, picha safi kabisa, nikamuuliza kama ananiona mimi na vifungo vyangu. (Hapo nilijisifu, najua. Ningekuwa mtu wa kuogopa majivuno ningenyamaza, lakini jamani, nilikuwa nimeziweka mwenyewe.)

Kikao kikawa Jumapili baada ya misa. Mjomba Kanuti, mdogo wake Mama, aliteremka kutoka Kinole asubuhi na ndugu saba. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo akakaa kwenye kiti kikubwa, Mama akakaa pembeni yake na mkongojo wake, na Neema akaunganisha kompyuta yake na televisheni ili wote waone ndugu wa Dodoma, wa Dar es Salaam na wa Kisaki. Mimi nilikifungua kikao kwa simu yangu, kwa hiyo kwa mujibu wa mtambo mimi ndiye niliyekuwa mwenye kikao. Tatizo likaja hapo hapo, kwamba simu yangu na kompyuta vikiwa chumba kimoja vinapigiana sauti, kinatoka kile kilio cha kutoboa masikio. Nikashusha sauti ya simu mpaka mwisho, kikapungua lakini hakikuisha.

Tukavumilia. Kaka Deo akasoma pendekezo lake kutoka kwenye karatasi. Mama ahamie Dodoma, nyumba ya Kinole ifungwe, shamba apewe mtu wa kuliangalia. Alizungumza kwa muda mrefu juu ya Mama, na Mama alikuwepo pale anamtazama kwenye televisheni, na hakumuuliza hata kama amelala salama. Akauliza kama kuna mwenye neno. Ikafika zamu yangu, na mimi, ambaye usiku na mchana nilikuwa na maneno, nikasema, sina neno, Kaka. Kisha kile kilio kikapanda tena, Mjomba akaziba sikio bila kufumbua macho akaniambia niitoe nje hiyo simu, inawapasua vichwa.

Sasa nilitakiwa nibonyeze kile kitufe chekundu nitoke kwenye kikao. Lakini niliogopa kwamba mwenye kikao nikitoka, kikao chote kitavunjika na Kaka Deo atasema unaona. Basi nikaamua kuibeba tu niende nayo koridoni, itakata yenyewe kama kawaida yake. Ruta zile zilikuwa na siku tatu ndani ya nyumba. Mazoea yangu ya koridoni yalikuwa na miaka. Nikaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni, nikapita koridoni, nikapita chumba cha Mama, nikatokea jikoni, na meshi yangu ikanisindikiza hatua kwa hatua, ikinikabidhi kutoka ruta moja hadi nyingine, haikuangusha hata neno.

Jikoni alikuwepo jirani yangu Mama Zuhura, amekuja kunisaidia chai na ndizi za kukaanga. Aliniuliza tu, vipi huko ndani, Mama Neema? Ni swali la kawaida. Ningeweza kujibu, tunaendelea. Badala yake nikamwaga yote. Nilisema Kaka Deo anamzungumzia mama yetu kama mtu wa ghala anayehamisha magunia, hajui Mama anakunywa dawa gani wala saa ngapi, na tangu avunjike amekuja kumwona mara mbili, na mara zote mbili hakuvua koti. Nilisema mkewe amefunga kamera, na mimi nahisi anasuka nywele. Nilisema Mjomba Kanuti amelala tangu sala ya kufungua, na akiamka ataunga mkono chochote kilichopo mezani, hata kama tunajadili kumuuza yeye. Mama Zuhura akacheka mpaka akaweka mwiko chini, na mimi nikichekewa siwezi kuacha, ni ugonjwa. Kisha nikasema lile ambalo sikuwahi kulisema mahali popote, kwamba Mama kila jioni ananiambia anataka kurudi Kinole, kwake, na hakuna aliyemuuliza.

Baada ya hapo nikaenda chooni. Choo chetu kiko nyuma ya jiko, na nilipokuwa humo nilikuwa bado nimepata moto, nikaanza kumwigiza Kaka Deo kwa sauti yake ya ofisini, ndugu wajumbe, kwa kuzingatia hali halisi, na nikimaliza kila pendekezo najipigia makofi mwenyewe, naunga mkono hoja kwa sauti ya Mjomba ya usingizini. Nikamwaga maji ndoo nzima. Hilo nalo walilisikia.

Mtauliza mbona hakuna aliyenizuia. Waliokuwa kwenye televisheni waliniita kwa jina mpaka wakachoka, lakini simu nilishaishusha sauti, na kuninyamazisha hawakuweza, maana mwenye kikao ni mimi. Sebuleni, Neema aliniambia baadaye, aliinuka kunikimbilia tangu nilipoanza tu maneno ya ghala, na Mama akamzuia kwa mkongojo. Akasema, "Mwacheni amalize."

Basi nikarudi na sinia la chai. Sijui kitu. Nimefunga kanga vizuri, natabasamu kama mwenye nyumba, nikafungua mlango nikasema karibuni chai, na sauti yangu ikanifuata kutoka kwenye televisheni, karibuni chai, ikachelewa kidogo nyuma yangu. Halafu vikombe vyangu vikagongana mara ya pili humo ndani. Halafu kile kilio. Nikatazama mfuko wa aproni. Nikawatazama wao. Mjomba alikuwa macho kabisa, sijawahi kumwona yuko macho vile, na kwenye televisheni uso wa Kaka Deo ulikuwa karibu sana na kamera, na mkewe sasa alikuwa amefungua ya kwake, na nywele nusu zilikuwa zimesukwa.

Nilitamani sakafu inimeze pamoja na sinia. Sinia likainama, chai ikamwagika kwenye sahani za ndizi. Nikatoa simu, nikabonyeza, kilio kikakatika, na kikao, nawaambieni, hakikuvunjika, wote wakabaki pale pale wananitazama.

Kaka Deo akasema taratibu, "Felista, hayo uliyoyasema jikoni, yarudie hapa mbele ya wazee."

Alijua nitaomba msamaha. Hata mimi nilijua hivyo, niliweka sinia chini, nikapiga magoti mbele ya Mjomba, nikasema shikamoo Mjomba, kwa hilo la usingizi naomba unisamehe. Mjomba akaitikia marahaba, akasema alikuwa amelala kweli, alianza safari alfajiri. Watu wakapumua. Nikasimama kumgeukia Kaka kwenye televisheni, na samahani ilikuwa iko mdomoni, tayari, lakini nikaona amekunja ile karatasi yake vizuri anasubiri kuendelea, na samahani ikarudi chini.

"Kaka," nikamwambia, "kukuigiza chooni nimekosa, na hilo unisamehe. Mengine nilitakiwa niyaseme hapa tangu mwanzo, na nimeyasema. Sasa muulizeni Mama."

Akasema kikao kina utaratibu. Nikasema na Mama ana masikio. Ilikuwa ni mara yangu ya kwanza maishani kumkatisha kaka yangu mbele ya watu, lakini sikukaa. Ni Mjomba aliyemaliza ubishi. Alimgeukia dada yake akamuuliza, wewe unataka kukaa wapi?

Mama akasema anataka kwake Kinole, mdalasini wake haujavunjika nyonga. Akasema Dodoma atakwenda kusalimia. Halafu, na hapa ndipo nililipwa, akanitazama mimi. Akasema, "Na wewe, Felista, umeyasema ya kaka yako yote. Yako hukuyasema. Kila nikikuomba unipeleke, unaniambia barabara mbaya."

Ni kweli. Barabara ilikuwa mbaya mwezi mmoja tu. Miezi mingine yote ilikuwa mbaya kwa sababu nilikuwa nimemzoea, nikishona yeye anachambua mboga, na nyumba ndefu peke yangu mchana kutwa siipendi. Hayo nilimficha hata Mama Zuhura. Nikasema ndiyo Mama, nilikudanganya. Mbele ya watu wote, wa sebuleni na wa kwenye televisheni.

Mjomba akaamua hapo hapo, Mama arudi Kinole, mjukuu wa Mjomba mwenyewe akae naye, na mimi nipande kila mwezi. Wiki iliyofuata nikampeleka. Nililia nikiteremka, kwa sababu nilishinda kesi nikampoteza mteja.

Kaka Deo hakuniongelesha kwa muda. Ndugu wengine waliongea kupita kiasi. Kwenye kundi la ukoo wakanipa jina, Redio Jikoni, na kila kukiwa na kikao mtu lazima aulize kama Redio Jikoni iko hewani. Mwanzoni nilikuwa najifungia chumbani nikisoma. Lakini nikajiuliza, redio hiyo ilitangaza uongo gani? Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili. La kwanza, simu haiingii chooni kwangu, hata iwe inaita Ikulu. La pili, sitasema tena sina neno kwenye kikao nikiwa nalo.

Krismasi Kaka Deo akaja, mwenyewe, ametokea Kinole, viatu vina tope hadi kwenye kamba. Alikuwa amekaa kwa Mama siku nne, na alinitajia dawa zake zote bila kuulizwa, ya asubuhi na ya jioni. Hatukuzungumzia kikao. Alivua koti akalitundika, akaomba chai, kisha akatoa simu akaniuliza waifai yangu inaitwaje siku hizi, maana lile jina la zamani halioni.

Nilikuwa nimelibadilisha. Nikamsogezea kikombe nikamwambia atafute Redio Jikoni, inashika nyumba nzima.