Mpira Haukutoka Mbinguni

"Nirushieni chochote cha mviringo, kitoke mkononi mwa mtu, mwa shetani au kwenye mashine, mimi Clete Vargo nitakivusha ukuta."

Maneno hayo aliyasema kwenye televisheni kiangazi cha mwaka 1961, akiwa na miaka ishirini na miwili, nywele zimepakwa mafuta kiasi kwamba nzi angeteleza. Mji mzima wa Brennick, Ohio, ulimsikia, kwa sababu Jumamosi jioni mji mzima ulikuwa umekaa mbele ya kipindi cha Nje ya Ukuta, na asiyekuwa na televisheni alikuwa sebuleni kwa mwenye nayo, anamaliza karanga za watu.

Kipindi chenyewe kilikuwa rahisi kuliko kuchemsha yai. Wapigaji wawili wa besiboli, kila mmoja na rungu lake, wanapiga kwa zamu. Ukiuvusha mpira ukuta, umepata. Usipouvusha, umekosa, hata kama umebakiza unene wa ukucha. Na mpira mzuri ukiuacha upite hujainua rungu, umekosa vilevile. Ukikosa mara tatu zamu yako imekwisha, nenda kakae mezani kwa mtangazaji mpige soga huku mwenzako akihangaika. Muziki hakuna, fataki hakuna. Walirekodi asubuhi uwanja ukiwa mtupu, kwa hiyo ulisikia rungu likigonga mpira, kisha kimya, kisha mpira ule ule ukitua mbali kwenye viti visivyo na watu. Mpaka leo Clete akisimulia kimya kile anashusha sauti kama anapita karibu na mtoto aliyelala. Halafu anakumbuka makelele ya siku hizi, na matusi yanaanza.

Matusi anayaweza. Ana miaka themanini na tatu sasa. Ligi kubwa ilimwita mara moja ikamrudisha kabla hajajua choo kiko upande gani, na miaka yake yote ya kazi iliyobaki aliimalizia kwenye kiwanda cha vioo, akipika mchanga. Ana hasira na haradali ya pakiti, hasira na mbwa wanaosukumwa kwenye vigari vya watoto, hasira na watangazaji wanaosoma kasi na pembe ya mpira kama wanasoma joto la mgonjwa. Lakini hizo zote zilikuwa hasira za mazoezi. Hasira yenyewe ilimjia mwaka huu, na ilimjia kwa sababu ya shemeji yake.

Kwenye Nje ya Ukuta kila mpigaji alikuja na mrushaji wake, kama bwana harusi anavyokuja na mpambe. Mrushaji huyo hakuwa adui. Kazi yake ilikuwa kuuweka mpira pale pale mtu wake anapoupenda, tena na tena, mkono ukiuma asiseme. Wa Clete alikuwa Emeric Hudak, mume wa dada yake Zuzana, aliyesambaza maziwa alfajiri kisha akaja uwanjani ananuka ndama. Emeric aliuweka mpira usawa wa mkanda, karibu kidogo na mwili, mahali ambapo Clete angeupiga hata akiwa anaota. Kabla ya kila mpira alivuta sikio lake la kushoto. Kwa nini, hakuna aliyejua. Zuzana alisema anajiamsha.

Emeric amefariki. Ameacha picha chache za mnato, na katika zote amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Kwa hiyo kituo cha televisheni kilipotangaza kwamba filamu za zamani zimepatikana stoo, na klabu ya mji, Wahunzi wa Brennick, ikasema itazirusha mtandaoni kisha ifanye jioni ya kumbukumbu, Zuzana alikwenda saluni. Alisema hawezi kwenda kumwona mume wake na kichwa kama kiota cha kunguru.

Walitazama nyumbani kwa Clete, sahani za kabichi iliyoviringishiwa nyama mapajani. Filamu ilikuwa imetiwa rangi, kila mtu ana mashavu mekundu kama mlevi. Kimya kilikuwa kimejazwa ngoma. Na kwa kuwa ilitengenezwa itoshe kwenye simu, pande zote mbili zilikuwa zimekatwa. Alibaki Clete katikati, mkubwa kama friji, na mpira unamjia kutoka ukingoni mwa picha, hauna mwenyewe.

Zuzana akainamisha kichwa pembeni, kama mtu anayechungulia nje ya dirisha.

"Yuko wapi?"

"Wamemkata, dada."

"Hata mkono haupo?"

Clete akatazama tena, mpira baada ya mpira. Hata mkono haukuwepo. Zuzana akaweka sahani chini, akajishika nywele zake mpya, akasema kabichi ina chumvi nyingi.

Kesho yake Clete alimpigia simu Brantley Koss, kijana anayesimamia burudani pale klabuni, mtu mwenye meno mengi kuliko maarifa. Brantley alimweleza kwa upole kwamba simu ni nyembamba, na watu wanataka kumwona mpigaji.

"Mrushaji haongezi kitu, mzee wangu."

"Sasa mpira ulitoka wapi, kijana? Mbinguni? Malaika walikuwa wananichangia?"

Brantley alicheka, maana Brantley hucheka hata akikanyagwa. Kisha akaahidi: jioni ya kumbukumbu filamu itaonyeshwa nzima kwenye skrini kubwa ya uwanja, na jina la Emeric Hudak litatajwa kwenye spika. Mzee aje tu, apige mipira miwili mitatu, watu wafurahi. Clete akakubali, akampigia dada yake kumwambia avae vizuri. Hakujua kwamba Brantley huahidi kama wengine wanavyokohoa.

Siku ilipofika walimvalisha jezi inayomfika magotini. Kwa heshima ya umri wake walikuwa wamesimamisha ukuta wa plastiki karibu kabisa, kitu ambacho mtu wa shamba angekitumia kuzuia kuku. Mbele yake, kwenye magurudumu, ilikaa mashine ya kurushia mipira. Skrini ikawaka. Akaonekana Clete wa mwaka 1961 akitamba, mtu, shetani, mashine, na uwanja ukanguruma. Halafu ikaja filamu ile ile iliyokatwa, na ngoma zile zile. Jina la shemeji halikutajwa. Mtangazaji alisema, kwa furaha kabisa, kwamba leo hawahitaji hata mrushaji.

Zuzana alikuwa amekaa safu za mbele, amevaa koti la zamani la Emeric lenye nembo ya kampuni ya maziwa. Kichwa chake kilikuwa kimeinama tena pembeni.

Clete aliona. Akasogea mahali pa kupigia, akaliweka rungu begani, akaliacha hapo.

Mpira wa kwanza ukapita katikati, mtamu kama keki. Watu wakadhani mzee anapima. Wa pili ukapita. Brantley akaja mbio, akainama, akamnong'oneza kwamba anaruhusiwa kupiga.

"Sheria nilizijua kabla baba yako hajatungwa mimba," Clete akamjibu. "Sogea, utagongwa."

Zomea zomea ikaanza. Jamaa mmoja mwenye haradali kwenye ndevu alipaza sauti akitaka babu aamshwe apewe dawa zake. Mpira wa tatu ukapita, ukagonga wavu wa nyuma. Clete akaliweka rungu chini taratibu.

"Tatu. Zamu yangu imekwisha," akasema. "Nakwenda kukaa na mtangazaji."

Akaenda kweli, na kwa kuwa hakuna anayejua namna ya kumzuia mzee wa miaka themanini na tatu bila kuonekana mshenzi, akafika mezani na kuichukua maikrofoni.

"Mwaka sitini na moja niliropoka hapa," alisema. "Nilisema navusha hata cha mashine. Uongo mtupu. Nilivusha mipira ya Emeric Hudak, mume wa dada yangu, muuza maziwa. Sikumtaja siku ile, na hawa leo wamemkata kama mafuta ya nyama. Mjane wake yule pale, amekuja kumwona. Mwonyesheni, la sivyo..."

La sivyo nini, mji wa Brennick haukusikia. Maikrofoni ilizimwa, muziki ukalipuka, na mchekeshaji wa klabu, amevaa vazi lenye umbo la fuawe, chuma anachofulia mhunzi, akaingia uwanjani kukata viuno.

Lakini siku hizi kila mkono una kamera. Mzee anayekataa kupiga alitazamwa kuliko mzee aliyewahi kupiga, na watu wakaanza kuiuliza klabu, kwanza kwa adabu kisha bila adabu, huyo Emeric Hudak ni nani na yuko wapi. Wiki haikuisha, Brantley alibisha hodi kwa Clete na keki mkononi, na filamu nzima, pande zote mbili, kimya chake kikiwa mahali pake.

Zuzana alitazama amesogeza kiti hadi magoti yanagusa televisheni. Emeric alikuwa mwembamba, suruali imemzidi. Akavuta sikio.

"Mjinga huyu," Zuzana akasema, na filamu ilipoisha akataka irudishwe mwanzo.

Clete alisimama nyuma ya kiti. Kila mpira ulipovuka, Clete wa kwenye filamu aliufuata kwa macho, ameshika kiuno, anajipenda. Emeric hakuutazama hata mmoja. Alikuwa ameshainama kuokota mwingine. Clete akatoka uani akalipiga teke pipa la takataka, likaanguka, akaliacha lilale.

Mechi iliyofuata alimsindikiza dada yake uwanjani. Njiani Zuzana alitaka kupita duka la klabu, ambako filamu sasa inauzwa, kuona kama wameweka jina la Emeric sawasawa. Waliweka. Kuna filamu mbili, bega kwa bega kwenye rafu moja. Isiyo na mrushaji ni dola ishirini. Yenye mrushaji ni dola thelathini na tano.