Tofali la Mama Yake

Nilitoka Kigoma kwa treni, nikakaa Dar siku mbili, nikaruka hadi Addis, kisha Toronto. Nilifika Malton, kando ya uwanja wa ndege, miguu imevimba, nikakodi chumba cha chini kwa mzee wa Kichina aliyefiwa na mkewe. Kazi yangu ilikuwa kupanga mizigo ghalani.

Jioni mzee alinisimulia ule ukuta maarufu wa Wachina, uliopita mlimani juu ya kijiji chao. Nilidhani ni mmoja. Kumbe ni kuta nyingi, alisema: za kwanza udongo ulioshindiliwa, kuzuia wapanda farasi wa kaskazini; za matofali zilikuja karne nyingi baadaye, chokaa ikichanganywa na uji wa mchele. Alinitania kwamba mimi, kwa ninavyopenda wali, ningeula ukuta wote. Waliojenga ni askari na wakulima waliotolewa mashambani, na wengi hawakurudi makwao. Maadui walipita hata hivyo.

Wakati wa shida, mzee akiwa mdogo, wanakijiji waliubomoa wenyewe wapate matofali. Baba yake aliyajengea banda la nguruwe. Mama yake, akiwa mahututi, alimwapisha mzee arudishe ukutani angalau tofali moja. Banda lilipovunjwa mzee aliokoa moja, akahamia nalo huku. Sasa alikuwa amezeeka, na amekata tiketi ya Aprili alirudishe.

Hakuniambia analiweka wapi. Mimi sikuuliza.

Februari mgongo ulimkamata, akashindwa kuinuka. Kwetu mgongo hukandwa kwa tofali la moto lililofungwa kitambaa. Nikaona moja la kijivu nyuma ya jiko, nikadhani ni la kuegemezea tu, nikalitia ndani ya oveni. Lilipozidi moto nikaliweka kwenye sinki, nikalimwagia maji ya baridi. Likapasuka vipande vitatu, kimoja kikawa vumbi tupu.

Mzee alisikia mlio. Alijikokota hadi jikoni akijishikilia ukutani, akaangalia sinki.

"Nisamehe, mzee. Nitakutafutia lingine."

"Wapi, kijana?"

Alikusanya vipande kwa taulo, akarudi chumbani. Hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza.

Aprili ikapita. Binti yake, anayekaa Vaughan, mji wa jirani, alimbembeleza asafiri, apeleke hata vipande. Alijibu kwamba mama yake alisema tofali.

Mwezi wa sita nilipata kazi Alberta, mbali magharibi. Asubuhi ya kuondoka nilibisha mlango wake, nikamwita mara mbili. Redio ilikuwa inasema ndani, halafu ikapunguzwa sauti. Nikangoja. Hakufungua. Nikaacha ufunguo mezani, nikatoka kwenda kituo cha basi.