Kisanduku Kilichokataa Rangi

Mwishoni mwa miaka ya tisini baba alinipa mwezi mmoja nimwonyeshe kwamba kompyuta nayo ni kazi. Nikishindwa, alikuwa ameshanitafutia nafasi kwenye mizani ya miwa, Muhoroni.

Nilipata kazi kwa mama mmoja mwenye hoteli ya samaki ufukweni Dunga. Alitaka ukurasa kwenye mtandao, wageni wa Nairobi waagize samaki, ngege au mbuta, kabla hawajafika. Sharti lake lilikuwa moja tu: kila kitu kiwe kijani. Hoteli yake ilikuwa ya kijani kuanzia geti, viti, hadi mawe ya bustani.

Ukurasa ulikubali. Maandishi yakakubali. Kilichogoma ni kile kisanduku cha kuchagua samaki, ambacho ukikibonyeza orodha inateremka. Niliandika amri ya kijani, kikabaki cheupe na kitufe chake cha kijivu. Nikafungua ukurasa uleule kwa programu nyingine ya kufungulia mtandao. Humo kisanduku kikawa kijani, kitufe kikakataa katakata. Nilidhani nimekosea herufi. Nikadhani kompyuta ni mbovu. Ukurasa nimeuandika mwenyewe, sasa hiki kisanduku ni cha nani? Kwa hasira nikachora picha ya kisanduku cha kijani, kizuri kwelikweli, nikaibandika mahali pake. Mama akaibonyeza, akaibonyeza tena kwa nguvu. Picha haifunguki.

"Rangi inakataa aje?" akaniuliza. "Mimi napaka hata mawe!"

Nikarudisha kisanduku cha kweli. Akakitazama, akasema, "Basi hiyo ingine yote ufanye kama hiyo sanduku. Isikae na viraka."

Nikaondoa kijani chote. Vitufe, mistari, pembe zote zikawa nyeupe na kijivu. Mama alifurahi. Mimi nilichanganyikiwa zaidi, nisijue kama nimeshinda au nimeshindwa.

Jumamosi baba alikuja mjini kuona. Nilimfungulia ukurasa kwa fahari na hofu. Akautazama, akatazama vitufe vya kompyuta yenyewe pale juu ya skrini, akarudi kwenye ukurasa. Vyote vilikuwa na sura moja, kana kwamba ukurasa wangu ulikuja pamoja na kompyuta.

"Sasa nyathina, mwanangu," akaniuliza kwa upole, "hapa wewe ulifanya nini?"

Nilijaribu kumweleza mpaka nikapotea mwenyewe. Jumatatu asubuhi nilikuwa Muhoroni, trekta la kwanza la miwa likipanda mizani.