Siku ya harusi yangu niliihesabu mwenyewe, nikaikosa

Admin, jina langu lisitoke tafadhali. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, Mhindi wa Mombasa, fundi wa AC hapa Riyadh. Kazi ni tele miaka hii ya mafuta, majengo yanaota kila upande, lakini mie tangu Jumanne sijashika spana.

Kwetu harusi haifungwi siku yoyote tu. Kuhani wetu, maharaji, hufungua kalenda akatafuta siku na saa njema. Yetu iliangukia siku ya tisa ya mwezi mchanga, asubuhi. Ya kumi na moja miungu hulala, na kwa miezi minne hakuna harusi. Baba wa mchumba wangu alishaahirisha mara moja kwa ajili ya ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iliyochelewa. Akanambia, "Mwanangu, hii nayo ukiikosa, binti nampa mwengine."

Kafili wangu, tajiri anayenidhamini huku, ni mtu mwema. Aliniuliza tu, "Wataka kuondoka tarehe ngapi?" Hapa wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu. Nami kwa ujuaji wangu nikamwambia jioni ya tarehe saba, nikijua nina siku mbili mkononi. Si mwezi ni ule ule? Karatasi zikaandikwa, tikiti ikakatwa.

Jumanne nikamsimulia Mzanzibari ninayekaa naye mtaa wa Manfuha. Akanitazama kwa huruma. "Ndugu yangu, mwezi wetu huanza ukionekana. Wenu huanza ukishapotea tu. Hapo ushachelewa siku moja." Nikampigia maharaji. Akasema mwezi huu pia kuna siku inarukwa, kwa kuwa inaanza baada ya jua kuchomoza na kwisha kabla ya jua la kesho yake. Yaani tarehe saba ndiyo siku ya tisa yenyewe. Nitapanda ndege saa yetu imeshapita. Nimekwenda kubadilisha, ndege za mapema zote zimejaa, hata za kupitia Jeddah.

Sasa aibu yangu. Baba mkwe aliponipigia nilimwambia kafili ndiye aliyekataa niondoke mapema. Akalainika. "Basi si kosa lako. Nipe namba yake, jirani yangu ajua Kiarabu, tutamsihi." Nimemzungusha siku mbili. Kesho jirani akitoka msikitini Ijumaa wataitaka namba, na kafili atawaambia tarehe niliitaja mimi.

Mchumba wangu naye kaniuliza, "Tarehe uliichagua wewe au yeye?" Nikakata simu, nikamwandikia ati mtandao mbovu.

Miaka sita nampenda huyu msichana. Nikisema kweli, babake ataona naichezea harusi ya mwanawe mara ya pili. Nikinyamaza, kesho nitaumbuka, na uongo juu yake. Akili yangu imefika mwisho. Nishaurini ndugu zangu, leo hii nimpigie nani kwanza, msichana au babake, na nianze na neno gani?